Jinsi ya kuandika maisha ya sista aliyekufundisha sayansi akiwa bado anaweza kukusahihisha

Huku kwetu magharibi ya Kenya karibu kila mtu aliyepitia shule ya misheni ana sista mmoja kichwani ambaye hajawahi kutoka. Wengine wao ni wa hesabu, wengine bayolojia, wangu alikuwa wa kemia, na ule mwaka shule ilikosa mwalimu wa fizikia akabeba na fizikia pia. Sasa hao masista wamezeeka, wako kwa nyumba ya wazee ya shirika lao, na kila tukienda mazishi ya mmoja tunasomewa nusu karatasi, alizaliwa lini, aliweka nadhiri lini, alihudumu wapi na wapi, alikuwa mnyenyekevu na mtu wa sala, basi udongo unaanza kumwagwa. Labu, yaani maabara ya shule, haitajwi. Mtu amesimama mbele ya ubao miaka thelathini akieleza watoto wa wakulima wa miwa na wavuvi atomu ni nini, na hio kazi yote haipati hata sentensi moja.

Nilikaa kwa mazishi kama hayo Kakamega nikaumia sana, nikaamua wetu hataenda hivyo. Ilinichukua mwaka mmoja na miezi mitatu. Naandika hapa venye nilifanya na mahali nilikosea, ndio wewe ukianza usipoteze miezi niliyopoteza mimi.

Usiseme wako si mtu wa kuandikwa. Bruda Peter Tabichi, yule Mfransisko wa Keriko huko Njoro, Nakuru, alipopata tuzo ya mwalimu ya dola milioni moja 2019 dunia nzima ilijua kwamba mtawa anaweza kusimama kwa shule ya kijijini yenye kompyuta moja afundishe hesabu na fizikia mpaka watoto washinde. Nilifurahi kana kwamba ni ndugu yangu. Lakini masista waliofanya kazi ya aina hio miaka mingi kabla yake nani alipeleka majina yao popote? Na hata yule anayejulikana mara nyingi anajulikana nusu. 1970 Sista Mary Jucunda, aliyekuwa Zambia, alimwandikia mwanasayansi wa NASA Ernst Stuhlinger akimuuliza inakuwaje anataka pesa nyingi hivyo za safari ya Mars na kuna watoto wanakufa njaa. Jibu la Stuhlinger watu wanalisoma na kulisambaza mpaka leo, lakini waulize Sista Jucunda alikuwa nani, alikuwa akiamkia kazi gani asubuhi, wananyamaza. Upande wa sista ndio unapotea siku zote, na huo ndio tunaenda kuushika.

Anza na ruhusa, usianze na simu. Sista ana nadhiri ya utii, na hata kama yeye mwenyewe anatamani kuongea na wewe mpaka usiku, kuna mkubwa wa jumuiya pale nyumbani na juu yake kuna mama mkuu wa shirika. Mimi nilimpigia sista moja kwa moja, akakubali kwa furaha, nikafika na begi langu kumbe mkubwa wa nyumba hana habari yoyote, nikapewa chai na mkate nikarudi nilikotoka. Barua ya ukurasa mmoja inatosha: wewe ni nani, ulisoma miaka gani, unataka kuandika nini, utakuja siku ngapi, nani atasoma kabla hujachapisha. Ipeleke kwa mkono. Alafu sista mwenyewe umuulize kivyake mkiwa wawili, manake ruhusa ya mkubwa si ridhaa yake, na kuna wale tangu wakiwa manovisi, yaani bado kwenye malezi ya utawa, walifundishwa kwamba kazi njema haijitangazi kwa hivyo wakisikia neno kitabu wanakataa palepale. Usimlazimishe. Wetu nilimwambia, Sista, sitaki kukusifu, nataka kuandika ile labu ilivyokuwa. Akacheka akasema labu ni sawa, labu ina haki ya kuandikwa. Tukaingilia hapo, na mpaka mwisho kila nilipotaka kujua jambo lake la ndani nilipitia labu kwanza.

Usimpelekee zawadi yake binafsi, saa wala shuka la bei. Ana nadhiri ya ufukara na anachopokea ni cha nyumba. Hata mshahara wake wa TSC, tume inayoajiri walimu, miaka yote hio uliingia kwa mfuko wa jumuiya, na hili uliandike kabisa kwa kitabu kwa sababu vijana wa sasa hawajui kwamba yule mwalimu aliyewanunulia kalamu alikuwa anaomba nauli kwa mkubwa wake kama mtoto. Wewe beba sukari, mchele, sabuni, omena kavu kutoka Kisumu, ukabidhi jikoni, hapo umeheshimu kila mtu.

Saa za kwenda zina maana kuliko maswali. Siku ya watawa imegawanywa na sala, kuna masifu ya asubuhi na misa, kuna sala ya mchana, masifu ya jioni, na usiku ni kimya. Sista wetu alikuwa na nguvu kuanzia saa nne hadi saa sita kasoro, baada ya hapo anaanza kurudia maneno na wewe usipoangalia unarekodi uchovu ukifikiri ni historia. Dakika arobaini mpaka hamsini, simama, aga, rudi wiki ijayo. Na asubuhi ina faida nyingine, mvua. Mtu wa Kakamega anajua mvua ya saa tisa, haibishi hodi. Rekodi zangu mbili za kwanza nilifanya alasiri chini ya mabati na nikija kusikiliza ni kama mtu anakaanga bisi saa nzima, sauti ya sista iko huko ndani lakini huipati. Siku mbili za mama wa miaka themanini na kitu, zimeenda. Alikuwa ameniambia habari za baba yake siku hizo na alipozirudia baadaye hazikuwa zile zile.

Kwa hivyo asubuhi, chumba chenye pazia na kitanda kama kipo kwa sababu vitambaa vinameza mwangwi, simu ilazwe juu ya leso iliyokunjwa ndio isichukue mtetemo wa meza, izime isiite, na kabla hamjaanza rekodi dakika moja usikilize. Mwanzoni mwa kila rekodi taja tarehe, mahali na nani yuko chumbani. Ukifika nyumbani siku hiyohiyo tia nakala kwa flashi, nyingine kwa kompyuta, nyingine kwa imeili yako, na jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku, ndio zijipange zenyewe.

Sasa kabla hujauliza swali hata moja, chora mistari ya miaka kwa daftari, uache nafasi. Maisha ya sista yana vituo vinavyojulikana na hivyo vituo vitakusaidia kukamata tarehe zinazoteleza. Anaingia kama mpostulanti, yaani mwombaji, anakuwa novisi, anaweka nadhiri za kwanza, baadaye nadhiri za daima, alafu zinakuja jubilei, 25 ya fedha, 50 ya dhahabu. Sheria ya Kanisa ya 1983 inataka kipindi cha novisi kisipungue miezi 12, nadhiri za muda zisipungue miaka 3 na kwa kawaida zisizidi 6, ikibidi sana 9. Walioingia kitambo walikuwa chini ya sheria ya 1917 ambayo pia ilitaka novisi mwaka mzima na nadhiri za muda miaka 3. Kwa hivyo ukisikia aliingia Januari na mwaka uliofuata akaweka za daima, jua kuna kitu kimerukwa, rudi uulize taratibu. Mara nyingi kilichorukwa ndicho chenye hadithi, wetu alikuwa ameruka mwaka mzima aliorudishwa nyumbani akiugua na akadhani hawatampokea tena.

Kingine ni majina, na hapa wengi wanapotea. Sista mmoja anaweza kuwa na jina la nyumbani, jina la ubatizo, na jina la kitawa alilopewa akiingia novisi. Alafu baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, 1962 mpaka 1965, mashirika mengi yaliruhusu masista warudie majina yao ya ubatizo, kwa hivyo mtu yuleyule kwa picha ya zamani ameandikwa hivi, kwa orodha ya walimu ya baadaye ameandikwa vile, na kwa cheti cha chuo ni jina la baba. Uliza majina yote siku ya kwanza uyaandike ukurasa wa kwanza wa daftari, na kila unapotafuta karatasi tafuta kwa yote.

Tarehe zenyewe usimuulize "ilikuwa mwaka gani", hakuna mzee anayeishi kwa miaka ya kalenda. Muulize ilikuwa kabla ama baada ya kitu. Kwa sista kitu kizuri ni ziara za Papa Yohane Paulo wa Pili, 1980, 1985 na 1995, hakuna sista amesahau mahali alikuwa. Kuna jaribio la mapinduzi Agosti 1982. Kuna njaa ya 1984 na yale mahindi ya manjano. Na kwa mwalimu wa sayansi kuna mitihani, watu waliofanya EACE, mtihani wa kidato cha nne wa Afrika Mashariki, ni wa miaka ya 70, KCE ya Kenya yenyewe ilianza 1980, KCSE iliyochukua nafasi yake ya kwanza ni 1989 na mwaka huohuo ndio kidato cha sita cha mwisho kilifanya mtihani. Akikwambia "hao walikuwa wa kidato cha sita" tayari umejua ni kabla ya 1990 bila kumsumbua.

Maswali sasa. Maswali makubwa yanazaa majibu ya mahubiri. Ukimuuliza "wito wako ulikuwaje" atakupa kile amesema kwa kila jubilei. Uliza vidogo vya kushikika. Labu ilikuwa na madirisha mangapi? Maji yalitoka wapi, mfereji ama mtungi? Gesi ilikuwa ya mtungi ama mlitumia jiko la mafuta ya taa? Asidi ilifungiwa wapi na ufunguo ulikaa na nani? Siku ya praktiko ya mtihani uliamka saa ngapi? Mtoto alipoungua ulifanya nini? Kila jibu linavuta lingine. Nilipouliza maji ndipo nikajua kwamba maji yaliyochemshwa na kukusanywa tone kwa tone yalikuwa hayatoshi darasa zima, kwa hivyo alikuwa anaweka beseni safi katikati ya uwanja mvua ikinyesha, mbali na paa, manake maji ya mfereji ukiyatumia na nitrati ya fedha yanaweza kuwa meupe yenyewe kwa sababu ya kloraidi iliyomo na mwanafunzi anaandika jibu la uongo kwa uaminifu kabisa. Beseni uwanjani! Tulikuwa tunaliona hilo beseni, tulidhani masista wanafua.

Beba vitu vya kushika. Mimi niliomba bureti moja, ule mrija mrefu wa kioo wenye vipimo na kibomba chini, kwa shule ninayofundisha, nikaifunga kwa taulo, nikapanda nayo matatu mpaka kule, na ndio ilikuwa siku bora ya kazi yote. Sista alikuwa amesema hakumbuki tulifanyaje titresheni. Nikampa. Akaishika juu, akafungua kile kibomba kuona kama kinavuja, akaanza kuongea akiwa hata haniangalii: unaisuuza kwanza na ile asidi itakayokaa ndani, si maji, ukiacha maji umeshaifanya dhaifu, lakini chupa ya chini unasuuza na maji tu, ukishamimina toa faneli maana itadondosha tone wakati hujui, alafu weka macho sawasawa na mstari usome chini ya ule upinde. Umesimama juu? Umekosea. Umeinama? Umekosea. Sauti ikawa ile ya 1991, mimi mwenyewe nikakaa wima.

Siku nyingine nilibeba maua ya haibiskasi na musherekha kidogo ndani ya chupa ya soda. Wasiotoka huku waelewe, musherekha ni ile chumvi ya kienyeji ya Waluhya, unachoma maganda ya maharagwe ama magunzi ya mahindi, majivu unayawekea maji yachuje polepole, yale maji ndio mama anapikia likhubi na mrenda mpaka zilainike. Sista hakuwa na pesa ya indiketa za dukani, zile rangi zinazoonyesha kitu ni asidi ama besi, kila muhula, kwa hivyo alitutuma tuchume maua tuyachemshe, rangi ikitoka anagawa mara mbili, moja anatia ndimu inageuka nyekundu ya kung'aa, ya pili anatia musherekha kutoka jikoni kwa mpishi wa shule inageuka kijani. Akasema nyinyi mmekula besi tangu mlipoacha kunyonya, msiniambie kemia ni ya wazungu. Mle ndani kuna kaboneti ya potasiamu, hii sijaisahau hata siku moja, na ninaifundisha hivyohivyo mpaka leo kwa wanafunzi wangu. Kama wako alikuwa wa bayolojia tafuta konokono, majani, hadubini mbovu, chochote. Wa fizikia mpelekee sumaku na waya.

Usiogope pia kuuliza imani na sayansi zilikaaje ndani yake, lakini uliza kama mtu anayetaka kujua kweli. Wetu alijibu kwa kutaja Mendel aliyekuwa mtawa wa Kiagustino akihesabu njegere zake, na Lemaître, padre wa Ubelgiji aliyetoa wazo la ulimwengu kuanza kutoka atomu moja, alafu akarudi kwa mambo ya bureti, na mimi nikaona kwake swali lenyewe halikuwa kubwa kama nilivyodhani.

Karatasi. Kumbukumbu peke yake haitoshi hata ikiwa ya mtakatifu. Kila nyumba ya watawa huwa na kronika, daftari la matukio ya nyumba, mkubwa akikubali keti nalo palepale usiombe kulibeba. Parokiani kwao omba kuonyeshwa daftari la ubatizo, watu hawajui lakini nadhiri za daima huandikwa pembeni ya jina la ubatizo, kwa hivyo mstari mmoja unakupa kuzaliwa, kubatizwa na kuweka nadhiri. Kumbuka majimbo yamegawanyika, Kakamega imekuwa jimbo 1978 ikitoka Kisumu, Bungoma ikatoka Kakamega 1987, Homa Bay ikatoka Kisii 1993, kwa hivyo karatasi ya mwaka 1965 ya mtu wa Mukumu usishangae ukiambiwa uende Kisumu. Wamishonari wa Mill Hill walifika Kisumu 1903, Mumias 1904 na Mukumu 1906, baadhi ya hizi parokia zina madaftari ya zaidi ya miaka mia, nawa mikono na usilambe kidole ukifungua.

Lakini ukiniuliza karatasi gani ina thamani kuliko zote nitasema leja ya labu. Shuleni uliza kama leja za zamani ziko stoo, nyingi zinaliwa na mchwa na hakuna anayejua ni nini. Ya kwetu ilikuwa na mwandiko wake kurasa kwa kurasa, bikari zilizonunuliwa, testitubu zilizovunjika na nani kavunja, na pembeni ameandika kwa penseli "alilia, asilipe". Hakuna hotuba ya mazishi itanishinda kwa hayo maneno mawili. Piga picha kila ukurasa nje kwa kivuli cha veranda, bila flashi, karatasi ilale tambarare, simu iwe juu yake sawasawa, na rula ndogo iwekwe pembeni ndio ukubwa ujulikane. Asili ibaki shuleni.

Alafu tafuta wanafunzi wenzako, wa miaka tofauti, si marafiki zako peke yao. Tulifungua kikundi cha WhatsApp wakaingia watu kutoka Busia, Siaya, Nakuru, hata walio ng'ambo, na usiku mmoja tulipata kumbukumbu nyingi kuliko mwezi mzima. Uzuri wa kikundi ndio ubaya wake pia, mmoja akisema kitu kumi wanaitikia na kinageuka kweli. Kwa hivyo chukua kila mtu kando umuulize peke yake kabla hajasoma ya wenzake.

Hapa wacha nieleze habari ya kivuli manake ndio sababu nikaweka kichwa cha haya maandishi vile. Kila Machi ama Septemba sista alikuwa anatupeleka Maseno, pale barabara ya Kisumu kwenda Busia inakatwa na ikweta, na fimbo iliyonyooka. Siku za tarehe 20 Machi hivi na 22 ama 23 Septemba jua linapita juu ya kichwa kabisa na kivuli cha fimbo kinapotea. Watu watatu waliniambia kila mmoja kivyake kwamba kivuli kilipotea saa sita kamili, kengele ya kanisa ikilia. Ilikuwa nzuri sana nikaandika ukurasa mzima na kengele yake. Nikamsomea sista. Akanyoosha mkono nisimame. Saa sita kamili Maseno haiwezekani, akasema, nipe karatasi. Saa ya Kenya imewekwa kwa longitudo 45 mashariki, Maseno iko kama 34 na nusu hivi, kila digrii jua linachukua dakika 4, kwa hivyo sisi jua linachelewa dakika arobaini na kitu, alafu Machi kuna nyongeza ya kama dakika 7 na Septemba zinapungua kama 7. Machi inakuja karibu saa sita na dakika 49, Septemba karibu saa sita na dakika 34. Akaweka kalamu chini. Nyinyi mlikuwa na njaa, akasema, mliondoka kwenda kula ndizi kengele ilipolia, waliobaki na mimi kwenye fimbo walikuwa wanne.

Nikawatafuta hao wanne. Nikapata wawili. Mmoja ni daktari wa mifugo sasa na alikuwa na daftari lake la zamani lenye mchoro na saa, 12:47, kwa mkono wa mtoto. Sasa fikiria ningechapisha kabla ya kumsomea. Ningekuwa nimemwandika mwalimu wa vipimo kwa kipimo cha uongo, na yeye amelala chini hawezi kuinua mkono.

Yaliyo magumu usiyaruke. Kwetu msichana akikataa kuolewa ili awe sista kuna ng'ombe wa mahari wasiokuja, kuna baba aliyepanga kuoza ndugu zake kwa hao ng'ombe, na familia zingine zilikaa miaka bila kusema naye. Uliza hili siku ya nne ama ya tano, si ya kwanza, na akinyamaza nyamaza naye, zima rekoda ukiambiwa uzime. Kuna pia fimbo. Siku zetu walimu walichapa, mpaka serikali ilipopiga marufuku 2001, na sista wetu alichapa. Mwenzetu mmoja alikataa kuchangia kitabu, akasema alichapwa mbele ya darasa kwa kosa la kuvunja kipimajoto ambacho hakukivunja, na bado kinamkaa. Nililala na hilo wiki mbili nikijiambia nitaliacha. Mwishowe nilimpelekea sista. Alikaa kimya muda mrefu, akauliza jina la yule mwenzetu, akasema jambo hilo liandike, na uandike kwamba sikuuliza vizuri. Limeandikwa, bila jina la mwanafunzi. Yule mwenzetu alipewa aya hio aisome kwanza, akakubali iingie.

Kuandika kwenyewe nitasema machache. Sikiliza rekodi na uandike neno kwa neno, usinyooshe lugha yake, wetu alichanganya Kiisukha cha Waluhya, Kiswahili na Kiingereza kwa sentensi moja na hivyo ndivyo alivyo, ukimgeuza Kiswahili cha gazeti umemvalisha nguo ya mtu mwingine. Panga kwa masomo badala ya miaka, sura ya bureti, sura ya beseni, sura ya kivuli, miaka iingie ndani yake yenyewe. Maneno kama mnyenyekevu, mkarimu, mcha Mungu, yafute yote, kama kweli alikuwa hivyo msomaji ataona kwa ile penseli ya leja. Kila mtu aliye hai unayemtaja aulizwe kwanza, picha pia, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na hata isingekuwepo ni adabu tu.

Kumsomea ni kazi ya siku nyingi, usimpe karatasi akasome peke yake, macho yamechoka na ataogopa kukata. Soma kwa sauti, kurasa tano tano, na kalamu nyekundu iwe mkononi mwake. Wetu alinikata mara thelathini na nane. Mara nyingi ni namba. Mara mbili alikata sifa. Akimaliza kila sura aweke sahihi yake chini, na mkubwa wa nyumba asome yote mwisho.

Kuchapisha si lazima kampuni kubwa. Karatasi ya A4 ikikunjwa katikati inakuwa kijitabu kizuri, hakikisha kurasa zinagawanyika kwa 4 la sivyo utapata kurasa tupu mwishoni, herufi ziwe kubwa kidogo, 14, kwa sababu wasomaji wako wa kwanza ni masista wazee. Nakala ziende kwa nyumba ya shirika, kwa mama mkuu, maktaba ya shule, parokia alikobatizwa, na maktaba ya umma ya Kakamega ama Kisumu. Rekodi za sauti zikabidhiwe shirika kwa flashi pamoja na barua inayosema nani anaruhusiwa kusikiliza nini. Kurasa mbili za mwisho ziache zikiwa na mistari mitupu, na juu yake uandike "Masahihisho". Nakala ya kwanza kabisa mpelekee yeye, asubuhi, saa nne, na ubebe kalamu nyekundu mpya.